Wananitaka niwe sura ya klabu yao, na mama mdogo hana makaratasi

SWALI

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni Mtanzania, binti wa miaka 21, mzaliwa wa Rombo. Nasoma mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha umma jimbo la Ohio, Marekani. Nimegeuza mambo mawili matatu ili nisitambulike, lakini tatizo lenyewe ni hilihili ninalokuandikia.

Nimelelewa kanisani. Mama yumo WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, baba ni katekista, na mimi mwenyewe sekondari nilikuwa katibu wa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki. Habari za ndoa, mimba na malezi sikuwahi kuziona kuwa siasa. Yalikuwa mafundisho ya nyumbani, basi. Nilipofika huku ndipo nikajua kwamba ukifungua tu mdomo kuhusu mambo hayo, watu wameshakupangia chama.

Muhula wa kwanza tulikuwa na somo la sosholojia. Siku hiyo mjadala ulikuwa utoaji mimba: jinsi Mahakama ya Juu ilivyofuta haki hiyo kitaifa Juni 2022, na jinsi wapiga kura wa Ohio walivyoiingiza kwenye katiba ya jimbo lao Novemba 2023. Mhadhiri akauliza nani ana mtazamo tofauti. Nikanyoosha mkono, nikasema naamini mtoto aliye tumboni ni mtu. Darasa likapoa. Msichana aliyekaa mbele yangu akageuka, akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa kama kwetu wanawake wanaruhusiwa kusoma. Watu wakacheka kidogo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulipotoka, kijana mmoja alikuwa ananisubiri mlangoni. Akaniambia nimesema vizuri, akanipa kadi ya klabu ya wanafunzi wahafidhina, yaani wa mrengo wa kulia. "Tunakutana Jumanne jioni, kuna pizza. Karibu."

Nikaenda. Mama, sitaki uwafikirie vibaya watu hawa, maana walinitendea utu. Baridi ilipoingia nikiwa na sweta la mtumba nililonunua Himo, dada mmoja wa klabu alinipeleka kununua koti na akakataa katakata nimrudishie hela. Sikukuu yao ya Shukrani nilikula kwa wazazi wa mwenyekiti, na mama yake akaniomba niongoze sala ya chakula kwa Kiswahili. Wote wakashikana mikono, mpaka babu yao mwenye kofia ya Trump. Nikasali, wakasema amina. Tangu nitoke Kilimanjaro sikuwa nimejisikia nyumbani kama siku ile.

Septemba 2025 Charlie Kirk, yule mwanzilishi wa Turning Point USA, shirika la vijana wahafidhina vyuoni, alipigwa risasi akizungumza na wanafunzi chuoni Utah Valley. Klipu zake nilikuwa nikiziangalia tangu niko Tanzania. Tulifanya mkesha wa mishumaa, nikalia. Niliporudi bwenini, mwenzangu wa chumba, Mkenya wa Eldoret ambaye tulikuwa tunapika ugali pamoja, alinitazama tu. Kisha akanifungulia kwenye simu yake video ya mwaka 2024, Kirk anasema kwamba akimwona rubani mweusi anajisemea, natumaini huyu ana sifa. Kaka yake anasomea urubani. Akaniuliza, "Huyo ndiye unayemlilia?" Nikamjibu kwamba namlilia mtu aliyeuawa hadharani, baba wa watoto wawili. Kila mmoja akalala na neno lake. Tangu siku ile ugali kila mtu anasonga wa kwake.

Mambo mengine nayo yakaanza kunikwaruza. Mwaka 2025 Ohio ilipitisha sheria ya kuondoa ofisi za utofauti na ujumuishi kwenye vyuo vya umma. Klabu ilikata keki. Lakini katika ofisi kama hiyo hapa chuoni kwetu ndimo alimokuwa mama mmoja, Mmarekani mweusi, aliyekaa nami saa nzima kunifundisha kusoma bili ya chuo siku nilipokaribia kuzimia. Sasa hayupo. Kipande changu cha keki nilikiacha kwenye sahani.

Halafu kuna ule ukuta. Tuliujenga uwanjani kwa maboksi ya kadibodi, wapita njia waandike kwa nini nchi inahitaji mipaka. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba maboksi kutoka garini. Kufika mchana mtu ameandika kwa kalamu nene: Warudisheni wote. Mwenyekiti aliniona ninasoma. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Hatukusudii wewe. Wewe umekuja kihalali."

Sasa hapa ndipo penye kidonda. Mdogo wake mama yangu amekuwa Marekani tangu mimi niko darasa la pili. Aliingia kwa viza ya matembezi, viza ikaisha, akabaki. Usiku anabeba boksi kwenye ghala, mchana anamtunza mzee mmoja mgonjwa. Ada yangu ya sekondari ilikuwa yeye. Malipo ya viza, tiketi ya ndege, hata begi nililokuja nalo, ni yeye. Bibi alipofariki hakuweza kwenda kumzika. Wikendi huwa naenda kwake kwa basi, ananisuka huku tunaangalia tamthilia.

Muhula huu klabu wananitaka niwe makamu mwenyekiti. Wanataka pia nirekodi video ya dakika moja, niseme kwamba mimi ni mgeni niliyefuata sheria, na kwamba wasiofuata sheria ndio wanaotuharibia sisi. Maneno wameshaniandikia. Na mama, kuna kaukweli ndani yake. Tangazo la Rais Trump la 16 Desemba 2025 limezuia viza za Watanzania, za wanafunzi zikiwemo, kuanzia 1 Januari 2026, na sababu mojawapo iliyotajwa ni wenzetu wanaopitiliza muda. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ameshapata chuo huku. Sasa amekwama Rombo. Kuna usiku nilimkasirikia mama mdogo moyoni, kisha nikaona haya.

Tena kuna watu wa nje ya chuo watakaonilipa posho kidogo nikikaa mezani kuandikisha wapiga kura.

Nikikubali, namsaliti aliyenileta. Nikikataa, nawasaliti walionipokea, na narudi kuwa yule wa darasa la sosholojia. Mkenya anasema wananitumia kwa rangi yangu. Mama mdogo hajui lolote, anajua tu niko "kwenye kikundi cha dini". Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nifanyeje?

Binti wa Rombo


JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma jioni, nikairudia asubuhi, na kila nikiisoma naona ni barua kadhaa ndani ya bahasha moja. Ipo ya imani yako na jinsi ilivyopokelewa darasani. Ipo ya upweke na watu walioutibu. Ipo ya mama mdogo. Na ipo ya kamera. Umeziunganisha ukazipa majibu mawili tu, kukubali au kukataa, na kila jibu umelibandika neno usaliti. Naomba tuzifungue taratibu, maana nadhani baadhi ya mafundo umeyafunga wewe mwenyewe kwa hofu.

Kwanza nikupe pole ya darasa la sosholojia. Lile swali la kama kwenu wanawake husoma lilikuwa tusi, hata kama lilitolewa kwa sauti laini. Anayesema yuko upande wa wanyonge na bado akakuona wewe kama picha ya Afrika aliyonayo kichwani amekukosea. Sishangai kwamba aliyekusubiri mlangoni alionekana kama malaika.

Lakini angalia jinsi mambo yalivyofuatana. Ulisema neno moja kuhusu mimba. Wa upande huu wakakuhesabu mjinga, wa upande ule wakakuhesabu mwenzao. Pande zote mbili hakuna aliyekuuliza mengine: unaonaje habari ya mishahara, ya matibabu, ya wageni, ya bunduki. Ukaingia klabu kwa mlango wa mimba, na ndani ukakuta keki ya sheria ya Ohio na ukuta wa kadibodi. Unadhani kwa kuwa uliingia kwa mlango ule, basi na vyote vya ndani ni vyako. Ndivyo ilivyo kweli?

Nakuuliza kwa sababu uhafidhina wa vyuoni Marekani wenyewe haujawahi kuwa kitu kimoja. Septemba 1960 vijana wapatao 90 walikutana nyumbani kwa familia ya William F. Buckley, mwandishi mashuhuri wa kihafidhina, huko Sharon, Connecticut, wakaanzisha Young Americans for Freedom na kutoa tamko lao. Lilitaja uhuru aliopewa mtu na Mungu, soko huria, katiba, na hatari ya ukomunisti. Kuhusu wahamiaji hakuna neno. Miaka tisa baadaye, Agosti 1969, vijana wa chama hicho walikutana St. Louis wakakaribia kushikana mashati: walioshika mila na dini upande huu, waliotaka serikali isimguse mtu kabisa upande ule, na kijana mmoja akachoma kadi ya kuitwa jeshini katikati ya ukumbi. Chama kikapasuka. Na Ronald Reagan, ambaye sina shaka picha yake umeiona kwenye stika za klabu yenu, mwaka 1986 alitia saini sheria iliyowapa karibu watu milioni 2.7 wasio na makaratasi njia ya kuyapata. Watu wa aina ya mama mdogo wako.

Sikuambii haya ili ukamshinde mwenyekiti kwa hoja. Nataka ujue kwamba mtu anaweza kukaa katika kambi hiyo, akaamini anachoamini kuhusu mtoto aliye tumboni, na bado akasema ukuta ule sikubaliani nao. Wapo waliofanya hivyo na wapo wanaofanya hivyo leo. Swali ni kama klabu yenu ina nafasi ya mtu kama huyo, na hilo hutalijua mpaka useme. Kwa jinsi ulivyoandika, hujawahi kuwaambia hata siku moja kwamba kuna jambo lao linalokuumiza. Keki uliiacha kwenye sahani ukanyamaza. Maandishi ya kwenye boksi uliyasoma ukanyamaza. Wanakupenda, sawa, ila wanampenda yule uliyemwonyesha.

Hapo ndipo nakuja kwa Mkenya wako. Yeye anasema wanakutumia. Wewe unasema walinitendea utu. Mbona naona yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mara moja? Yule mama aliyekuomba usali kwa Kiswahili hakuwa anaigiza. Koti ni koti, lilikukinga baridi. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na klabu ambayo kila siku inaambiwa ni ya Wazungu wasiopenda wageni ina kidonda chake, na wewe ni dawa. Binti mweusi, Mwafrika, Mkatoliki, mwenye viza halali. Wala si lazima wawe wamekaa kikao wakapanga. Tena angalia walichokuletea: makamu mwenyekiti na video vimekuja mkono mmoja. Jiulize, ungesema cheo naomba, video hapana, cheo kingebaki? Hilo si swali la kujiuliza peke yako usiku. Unaweza kumuuliza mwenyekiti mchana kweupe.

Sasa tuseme habari ya video, maana hapo ndipo nina wasiwasi zaidi.

Siasa za vyuoni Marekani zina mtindo wake, na upande wa wahafidhina wameukuza kwa muda mrefu. Kuna klabu za kualika msomi na kujadiliana kwa adabu, na kuna klabu za kufanya jambo la kuchokoza ili watu wakasirike na kamera zije. Kuna zilizouza keki kwa bei tofauti kulingana na rangi ya mnunuzi, kupinga upendeleo wa rangi katika udahili. Mwaka 2013 klabu moja ya Chuo Kikuu cha Texas, Austin, ilitangaza mchezo wa kuwakamata watu waliovaa bango la "mhamiaji haramu", zawadi kadi ya manunuzi ya dola 25. Kelele zikawa nyingi, wakaufuta kabla ya siku yenyewe, lakini jina walikuwa wameshalipata. Kirk alianzisha Turning Point mwaka 2012 akiwa na miaka 18, na meza yake ya "nithibitishie kwamba nimekosea" ilikuwa na mwanafunzi mmoja mbele yake na mamilioni nyuma ya simu. Huyo mwanafunzi alirudi darasani. Klipu haikurudi.

Kwa hiyo unaposema video ya dakika moja, mimi sioni dakika moja. Naona kitu ambacho mwajiri, balozi, mchumba na mdogo wako wa Rombo watakiona miaka ijayo, kikiwa na maneno ambayo hukuyaandika. Pengine bado utataka kuirekodi. Hiyo ni haki yako. Ila waombe maneno uyaandike wewe, uone wanasemaje. Kuna tofauti kubwa kati ya "mimi nilifuata sheria na ninaamini sheria ina maana" na "wasiofuata sheria wanatuharibia sisi". La kwanza ni lako. La pili lina mtu ndani yake, na mtu huyo ndiye anayekusuka wikendi.

Hilo la mdogo wako silipuuzi. Hasira yako ina mantiki, na wala usijione mwovu kwa kuihisi. Tangazo lile lilitaja kweli wanaopitiliza muda wa viza. Anayesema nchi ina haki ya kujua nani ameingia na nani ametoka hasemi jambo la ajabu. Hata sisi Tanzania tuna uhamiaji na tunarudisha watu. Lakini kati ya mama mdogo kubaki na mdogo wako kukwama kuna uamuzi wa serikali katikati, wa kuwapima wote kwa makosa ya baadhi. Wenzako wa klabu wanaosema kila mtu ahukumiwe kwa matendo yake mwenyewe, si kwa kundi lake, wangepaswa kulisikia hilo haraka kuliko watu wengine wote. Umeshawahi kuwaambia kwamba mdogo wako, ambaye hajavunja sheria yoyote, amefungiwa mlango? Nadhani hawajui. Nadhani wanafikiri "hatukusudii wewe" inatosha kumfunika na yeye.

Ila ukizungumza nao, tafadhali mwanangu, siri ya mama mdogo iache nje. Najua utashawishika kuitumia, maana ingewanyamazisha. Usifanye. Makaratasi yake si hoja yako ya mjadala, na nyakati hizi neno moja kwenye kundi la WhatsApp linaweza kufika usikotaka. Ukitaka kukataa video inatosha kusema familia yangu haipendi mambo ya kamera. Wala si uongo.

Na yeye mwenyewe je? Umeandika hajui lolote. Sijui kama ni busara umwambie au la. Ukimwambia, huenda akaumia akaona fedha zake zimesomesha adui. Huenda pia akacheka. Watu waliobeba boksi miaka mingi Marekani wamefanya kazi na kila aina ya mtu, na nisingeshangaa yule mzee anayemtunza akawa mpiga kura wa Trump. Usimfikirie kuwa ni yai. Lakini kuna upande mwingine: mkiwa wawili nyumbani kwake na wewe una cheo hadharani katika klabu inayozungumzia kufukuza watu, waandishi na wapinzani wa klabu wakianza kukuchimba, watamchimba na yeye. Hatari hiyo si yako peke yako kuikubali. Hilo kwangu ndilo linaloufanya ukimya wako uwe mzito zaidi ya "kikundi cha dini".

Umeniuliza ufanyeje, na naona njia zaidi ya mbili. Unaweza kukubali cheo ukaweka masharti, ukawa ndiye anayesema "ukuta sitajenga tena" ndani ya kikao. Faida yake ni kwamba klabu inasikia sauti isiyoizoea. Hasara ni kwamba nje hakuna atakayejua ulisema nini kikaoni. Jina lako litakuwa kwenye kila bango, la keki na la ukuta. Unaweza kubaki mwanachama wa kawaida, unakula pizza Jumanne, unaongea unachoamini, hauongozi. Wengine watakuona baridi. Unaweza kuhamia mahali ambapo hilo moja lililokuingiza ndilo kazi yao: kuna vikundi vya kutetea uhai visivyofungamana na klabu ya siasa, kuna huduma ya Wakatoliki chuoni, ambako utakuta Mdemokrati na Mrepublican wanapiga magoti benchi moja. Au unaweza kuondoka kabisa. Usihofu kwamba klabu itakufa. Chuo cha umma hakiwezi kukataa kuitambua klabu kwa sababu tu hakipendi mawazo yake. Mahakama ya Juu ililisema hilo mwaka 1972, wakati huo ikiwatetea vijana wa mrengo wa kushoto. Klabu yenu italindwa na kanuni hiyohiyo, ukiwemo au usipokuwemo.

Kuhusu urafiki, nadhani umejipa hukumu kabla ya kesi. Dada wa koti hakununulia koti makamu mwenyekiti. Mjaribu. Mwambie una mzigo, unywe naye chai mbali na meza ya klabu. Huenda ukapoteza wawili ukabaki na mmoja.

Na Mkenya pia. Ninyi wawili mlikuwa na jambo la haki kila mmoja. Wewe uliona mtu ameuawa. Yeye alimwona kaka yake akidharauliwa kabla hajarusha hata ndege moja. Hakuna aliyelazimika kulifuta la mwenzake. Umemwona anapika peke yake. Na yeye anakuona unapika peke yako. Kwa hilo sufuria moja inaweza kufanya kazi ambayo barua yangu haiwezi.

Sasa makaratasi yako wewe. Mimi si mwanasheria, kwa hiyo haya nenda nayo ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni, na ikiwezekana kwa wakili wa uhamiaji, kabla hujajibu klabu chochote. Katiba yao inalinda usemi wa wageni pia, ndiyo, lakini viza ina mlango wake wa nyuma. Machi 2025 mwanafunzi wa Kituruki wa Chuo Kikuu cha Tufts alikamatwa barabarani na maofisa; alikuwa ameshiriki kuandika makala kuhusu Gaza katika gazeti la chuo, na alikaa kizuizini wiki kadhaa. Oktoba 2025 serikali ilitangaza kufuta viza za wageni sita kwa maneno waliyoyasema kuhusu kifo cha Kirk. Utaniambia hao walikuwa upande mwingine, wewe uko upande wa serikali iliyopo. Ni kweli leo. Lakini umejifunza kitu gani hapo, kwamba upande huu uko salama, au kwamba maneno ya mwenye viza yanasomwa? Na kwa Mtanzania hali ni ngumu zaidi: viza yako ikifutwa au ikiisha ukiwa nje, kupata nyingine chini ya tangazo lile la Desemba si jambo la kutegemea.

Ile posho ndiyo inayonisumbua kuliko cheo. Mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kulipwa na watu wa nje bila kibali kunaweza kukuvunjia hadhi yako ya uanafunzi hata kama hela yenyewe ni ya nauli. Kujitolea bila malipo ni habari nyingine, ingawa nako uliza kwanza. Hela yako usiitoe kwa mgombea wala kampeni yoyote, hata dola tano za fulana: asiye raia na asiye na kadi ya kijani haruhusiwi kuchangia uchaguzi wa taifa, jimbo wala mji. Wala asikae kwenye uamuzi wa jinsi hela za kampeni za kikundi zitakavyotumika, jambo ambalo makamu mwenyekiti anaweza kujikuta amefanya bila kujua. Na ukikaa kwenye meza ile ya kuandikisha wapiga kura, mtu akikusogezea fomu akakuambia jaza tu uonyeshe mfano, usijaze. Ina kisanduku kinachouliza kama wewe ni raia wa Marekani, na alama moja pale, hata ya utani, inaweza kukufukuzisha nchini.